Mkono Uliovunjika: Historia ya Kufunga na Kufungua

Mtu akijikwaa, mkono hutangulia. Hakuna anayeamua jambo hilo. Kiganja hufunguka, kiwiko hunyooka, na uzito wote wa mwili hupanda kutoka ardhini kupitia kifundo cha mkono, kigasha, kiwiko na bega hadi kifuani. Njiani uzito huo hutafuta mahali dhaifu, na mahali hapo hubadilika na umri. Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mpera huvunjika juu kidogo ya kiwiko, pale mfupa wa mkono wa juu unapokuwa mwembamba. Kijana aliyeangushwa uwanjani huvunjika mtulinga, au kile kifupa kidogo kilicho chini ya gumba, kimojawapo cha vifupa 8 vya kifundo cha mkono. Bibi wa miaka 65, ambaye mifupa yake imepoteza madini, huvunjika mwisho wa kigasha, vidole viwili juu ya kifundo. Anguko ni lile lile, mifupa ndiyo tofauti.

Kuanzia mtulinga hadi ncha za vidole, mkono mmoja una mifupa 32. Mifupa hiyo ndiyo inayosikika ikivunjika, na ndiyo iliyowashughulisha waganga kwa maelfu ya miaka. Lakini kando yake hupita vitu vingine. Ateri kubwa hushuka mbele ya kiwiko. Mishipa ya fahamu mikubwa iko mitatu: mmoja huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu ukiwa umeugusa kabisa, wa pili hupita nyuma ya kiwiko, na ndio unaotupiga shoti tukijigonga ukutani, wa tatu hupenya katikati ya kifundo cha mkono ukibanana na kano 9 za kukunja vidole. Mfupa uliovunjika, ukipewa muda na utulivu, huungana wenyewe. Misuli iliyokaa bila damu kwa saa kadhaa hufa, na ikishafa hairudi. Kwangu mimi, historia yote ya tiba ya mkono ni historia ya watu kujifunza tofauti hiyo, na mara nyingi walijifunza kwa kuchelewa.

Ukingoni mwa Nile, kabla ya 1600 KK

Mwaka 1862 Mmarekani aitwaye Edwin Smith, aliyekuwa akiishi Luxor, alinunua gombo la mafunjo kutoka kwa mfanyabiashara. Alijua ni maandishi ya tiba, lakini ulimwengu haukuweza kuyasoma vizuri hadi mwaka 1930, James Henry Breasted alipochapisha tafsiri kamili. Gombo lenyewe liliandikwa karibu mwaka 1600 KK, na lilinakili maandishi ya zamani zaidi. Lina kesi 48 za majeruhi. Zinaanza kichwani na kushuka chini kwa utaratibu, mpaka mwandishi anakatika katikati ya sentensi alipofika kwenye uti wa mgongo. Kesi ya 34 hadi ya 38 zinahusu mtulinga na mkono wa juu.

Kesi ya 36 inastahili kutazamwa kwa karibu. Mgonjwa amevunjika mfupa wa mkono wa juu, na mkono unaning'inia. Tabibu anaambiwa amlaze chali, aweke kitu kilichokunjwa katikati ya mabapa ya mabega ili kifua kifunguke, kisha auvute mkono mpaka ncha mbili za mfupa zirudi mahali pake. Baada ya hapo atengeneze mabanzi mawili ya kitani, moja upande wa ndani na jingine upande wa chini, afunge, kisha aendelee kutibu kwa asali kila siku hadi mgonjwa apone. Daktari wa leo angebadilisha vifaa; mwendo wa mikono yake ungebaki karibu vile vile.

Kilichonigusa zaidi katika gombo hili ni uamuzi unaotolewa mwishoni mwa uchunguzi. Tabibu huchagua moja kati ya kauli tatu: huu ni ugonjwa nitakaoutibu, huu ni ugonjwa nitakaopambana nao, huu ni ugonjwa usiotibika. Mkono uliovunjika bila jeraha uko kwenye kauli ya kwanza. Kesi ya 37, ambamo kuna kidonda juu ya mfupa uliovunjika, iko kwenye ya pili, na kidonda kikiwa kimepenya hadi ndani penye mvunjiko, kesi inaangukia kwenye ya tatu. Wamisri walijua kwamba mfupa uliotoboa ngozi ni habari nyingine kabisa. Kujua huko kulikuwa sahihi, na ingepita miaka zaidi ya 3,400 kabla ya mtu yeyote kupata jibu lake.

Mafundi wa enzi ya Ramses wa Pili nao walituachia picha. Katika kaburi la Ipuy, huko Deir el-Medina, kuna mchoro wa watu wakifanya kazi za ujenzi, na mmoja ameushika mkono wa mwenzake aliyeumia kwa namna inayofanana sana na mtu anayerudisha bega lililoteguka.

Mashahidi wengine walitoka kaburini wenyewe. Kuanzia mwaka 1907, kabla ya bwawa la Aswan kuinuliwa na kuyafunika makaburi ya Nubia kwa maji, wachunguzi wakiwemo Grafton Elliot Smith na Frederic Wood Jones walikagua maelfu ya mifupa ya watu wa kale. Waliona mivunjiko mingi ya kigasha, hasa ule mfupa wa upande wa kidole kidogo, nao waliieleza kwa njia rahisi: mtu akishushiwa fimbo kichwani huinua mkono kujikinga, na mfupa huo ndio unaopokea pigo. Mingi ilikuwa imeungana vizuri. Yeyote aliyewahi kukaa zamu ya usiku katika hospitali zetu amewaona watu wenye mvunjiko huo huo, uliotokana na rungu au ubapa wa panga.

Wagiriki, Waroma na vidole vya Pausanias

Maandishi yanayobeba jina la Hippocrates, ya karne ya 5 na ya 4 KK, yana kitabu kizima kuhusu mivunjiko na kingine kuhusu viungo. Ulikuwa ulimwengu wa mieleka, na mabega yaliteguka mara kwa mara. Mwandishi anaeleza njia nyingi za kulirudisha bega: kisigino cha tabibu kikiwekwa kwapani huku mkono ukivutwa, au mkono ukipitishwa juu ya kipago cha ngazi au juu ya mlango. Anaeleza pia jambo ambalo wengi hulipuuza. Anawalaumu matabibu waliofunga kigasha katika mkao wa mtu anayevuta upinde kwa sababu walidhani ndio mkao wa asili. Yeye anasema mkono ufungwe jinsi mtu anavyoubeba akiwa ametulia. Kuhusu bendeji, anataka ifunguliwe na kufungwa upya kila baada ya siku chache, na mabanzi magumu yasubiri hadi karibu siku ya saba, uvimbe ukishapungua. Katika kila kufungua, uvimbe wa mkono ulikuwa ukipimwa kwa macho na vidole. Kanuni hiyo ya kufungua na kutazama ndiyo itakayopotea na kupatikana tena mara kadhaa mbele ya safari.

Galen, aliyezaliwa Pergamo mwaka 129 BK, alianza kazi akiwa tabibu wa wapiganaji wa uwanjani. Huko aliona misuli na kano zilizo hai zikiwa wazi ndani ya vidonda. Kuchana maiti za watu hakukuruhusiwa Roma, hivyo sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa nyani wa Afrika Kaskazini. Kitabu chake kikubwa kuhusu kazi za viungo vya mwili kinaanza na mkono, kwa sababu aliamini mkono ndio unaomtofautisha binadamu.

Kisa chake kimoja kinafaa kufundishwa hadi leo. Pausanias, msomi kutoka Syria, alipoteza hisia katika kidole kidogo, kidole cha pete na nusu ya kidole cha kati. Matabibu walikuwa wakimpaka dawa vidoleni bila mafanikio. Galen alimuuliza kilichompata kabla ya hapo, akaambiwa alianguka kutoka kwenye gari la farasi na kujigonga sehemu ya juu ya mgongo. Galen akaiondoa dawa vidoleni na kuihamishia chini ya shingo, mahali inapochomoza mishipa ya fahamu inayoshuka hadi vidole vile. Pausanias akapona. Mwanzo wa mkono, Galen alionyesha, uko shingoni.

Kutoka Córdoba hadi Uajemi

Elimu hiyo ilihifadhiwa na kukuzwa kwa Kiarabu. Al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, aliishi karibu na Córdoba na kuandika kitabu cha juzuu 30, ya mwisho ikiwa ya upasuaji yenye michoro ya vyombo alivyovitumia. Sehemu nzima ya juzuu hiyo ameitenga kwa mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka, na anaifungua kwa masikitiko makubwa: fani hii, anasema, imeachwa mikononi mwa watu wasiowahi kufungua hata kitabu kimoja cha waliotangulia. Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, alishauri mabanzi yasikimbiliwe, bali yasubiri hata zaidi ya siku 5 mpaka uvimbe upungue. Wote wawili walihofia kamba iliyobana kuliko walivyohofia mfupa uliopinda, na walikuwa na haki.

Katika ulimwengu huo huo ndimo jasi ilimoanza kutumika. Abu Mansur Muwaffaq, mtaalamu wa dawa wa Uajemi, aliitaja katika karne ya 10 kuwa inafaa kwa mifupa iliyovunjika. Miaka mia nane baadaye Mwingereza William Eton, katika kitabu kuhusu dola ya Kituruki kilichotoka mwaka 1798, alieleza alivyoona kiungo kilichovunjika kikizungushiwa jasi ya majimaji iliyoganda na kukishika barabara. Madaktari wa Ulaya walishangaa, wakajaribu kidogo, wakaacha. Kifuniko kilikuwa kizito mno na mgonjwa hakuweza kuinuka nacho.

1543 hadi 1814: maiti mezani, wazima mlangoni

Andreas Vesalius alichapisha kitabu chake kuhusu muundo wa mwili wa binadamu mjini Basel mwaka 1543, akiwa na miaka 28. Katika picha yake iliyo humo amesimama kando ya maiti akiwa ameushika mkono wake uliochanwa, na kano za kukunja vidole zinaonekana moja moja. Kwa kuchana watu badala ya nyani alisahihisha makosa mengi ya Galen. Hata hivyo kwa mgonjwa wa kawaida mabadiliko yalikuwa kidogo. Daktari aliweza kuchora kila kano ya kidole na bado akashindwa kujua, mbele ya mkono wa mtu hai uliovimba, kama ndani kumevunjika au kumeteguka.

Aliyefungua njia hapo ni Abraham Colles wa Dublin. Mwaka 1814, katika jarida la kitabibu la Edinburgh, alitoa makala fupi kuhusu jeraha ambalo wakati huo wengi waliliita kuteguka kwa kifundo cha mkono. Mgonjwa ameangukia kiganja. Mgongo wa mkono umenyanyuka na upande wa ndani umebonyea. Colles aligundua kwamba mkono ukivutwa kidogo unarudi katika umbo lake, na ukiachwa tu unapinda tena hapo hapo. Kiungo kilichoteguka hakifanyi hivyo: kikisharudi hukaa. Kwa hiyo, alisema, mfupa wa upande wa gumba umevunjika, karibu inchi moja na nusu juu ya kifundo. Hakuwa na eksirei, wala hakuwa na maiti hata moja yenye jeraha lile ya kuichana na kuhakikisha. Alifikia ukweli kwa vidole vyake na kwa kufikiri. Kabla yake Claude Pouteau wa Lyon alikwishakaribia ukweli huo katika maandishi yaliyotoka mwaka 1783, lakini jina lililobaki ni la Colles.

Tena alitoa neno la faraja ambalo waliomfuata wamelijadili mno: hata asipotibiwa, mgonjwa baada ya muda ataweza kuutumia mkono bila maumivu, ingawa utabaki umepinda maisha yake yote. Kwa mabibi wengi wa vijijini kwetu, ambao hawakufika hospitali yoyote na bado wanalima na kutwanga kwa mkono uliopinda, maneno hayo ni kweli tupu. Kwa fundi cherehani au mchoraji si kweli hata kidogo, na hapo ndipo udaktari unapotakiwa kuuliza mkono huu ni wa nani na unafanya kazi gani.

Mwaka huo huo wa 1814, huko Milano, Giovanni Battista Monteggia alieleza mvunjiko wa mfupa wa upande wa kidole kidogo unaoambatana na kuteguka kwa kichwa cha mfupa mwenzake kwenye kiwiko. Ni jeraha la hila: macho huvutwa na mvunjiko, kiwiko kikasahaulika.

1852 hadi 1881: jasi na gharama yake

Vita ndivyo vilivyoleta hogo. Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alichapisha mwaka 1852 njia ya kusugua unga mkavu wa jasi kwenye bendeji za pamba, kuzihifadhi, kisha kuzilowesha maji wakati wa kufunga. Dakika chache tu zilitosha. Bendeji za wanga zilizotangulia zilichukua siku nzima au zaidi kukauka, na katika muda huo mfupa ulikuwa umekwishapinda. Nikolai Pirogov, aliyekuwa amemwona mchongaji sanamu akifanya kazi kwa jasi, aliitumia kwa wingi katika vita vya Crimea vya miaka ya 1850 na kuokoa mikono na miguu ambayo ingekatwa. Nusukaputi ilikuwa imeingia hospitalini tangu 1846, hivyo mfupa uliweza kuvutwa bila mgonjwa kushikiliwa na wanaume wanne. Mwaka 1867 Joseph Lister alitangaza matokeo ya kusafisha vidonda vya mivunjiko kwa asidi ya kaboliki, na ile kauli ya tatu ya tabibu wa Misri, huu ni ugonjwa usiotibika, ikaanza kufutika.

Ikatokea imani kubwa katika hogo. Lilikuwa gumu, safi na la haraka, na likishafungwa halikufunguliwa kwa wiki. Kufungua na kutazama kukasahaulika.

Richard von Volkmann, mpasuaji wa mji wa Halle huko Ujerumani, aliona malipo yake. Walimjia watoto waliovunjika mkono karibu na kiwiko, wakafungwa barabara, na mfupa ukaungana vizuri kabisa. Lakini hogo lilipoondolewa kigasha kilikuwa kimenyauka, kifundo kimekunjwa, na vidole vimejikunja kama kucha za mwewe, havifunguki. Wengine walidhani mishipa ya fahamu imepooza. Mwaka 1881 Volkmann aliandika kwamba chanzo ni misuli iliyokosa damu kwa sababu ya bendeji iliyobana mno. Alama aliyoitumia kutofautisha ni hii: mshipa wa fahamu ukifa, mkono hulegea kwanza na mkunjo huja polepole baadaye, misuli ikifa kwa kukosa damu, kupooza na kukunjamana huja pamoja.

Leo tunaelewa zaidi. Misuli ya kigasha imegawanyika katika vyumba vilivyozungushiwa utando mgumu usiovutika. Baada ya kuvunjika misuli huvimba. Utando haulegei, na nje yake hogo nalo halilegei. Shinikizo hupanda mpaka damu inashindwa kupita katika mishipa midogo kabisa, hata kama mapigo ya ateri bado yanasikika kifundoni. Kwa sababu hiyo mapigo kusikika hakumaanishi usalama. Tiba ni kupasua hogo lote hadi ngozini, na ikishindikana kupasua utando wenyewe kwa kisu, ndani ya saa chache.

Wales, Liverpool na mwanga wa 1896

Wakati huo Ulaya nayo ilikuwa na waganga wa kuunga mifupa, na mojawapo ya familia zao ilizaa tawi zima la udaktari. Katika kisiwa cha Anglesey, Wales, ukoo wa Thomas ulirithishana kazi hiyo kizazi hadi kizazi. Evan Thomas aliihamishia Liverpool, ambako alipata wagonjwa wengi na kushtakiwa na madaktari mara kadhaa. Hatimaye aliwasomesha udaktari watoto wake wa kiume wote watano. Mmoja wao, Hugh Owen Thomas, aliunganisha ujuzi wa mikono wa baba yake na elimu ya chuo, akasisitiza mapumziko kamili kwa kiungo kilichoumia. Mpwa wake, Robert Jones, aliyelelewa katika kazi hiyo hiyo, ndiye aliyeongoza tiba ya mifupa ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Naikumbusha habari hii kila ninaposikia waganga wetu wa mifupa wakitajwa kwa dharau.

Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei, na mwezi uliofuata akapiga picha ya mkono wa mkewe, pete ikiwa kidoleni. Habari ilienea kwa kasi ya ajabu. Tarehe 3 Februari 1896, katika chuo cha Dartmouth nchini Marekani, kijana wa miaka 14 aliyeanguka kwenye barafu alipigwa picha ya kifundo kilichovunjika; ilimbidi akae dakika 20 bila kutikisika. Siku chache baadaye Robert Jones na mwanafizikia Oliver Lodge walimpiga picha mvulana mmoja Liverpool na kuiona risasi ndogo iliyozama ndani ya mkono wake. Kile ambacho Colles alikifikia kwa vidole sasa kiliwekwa juu ya meza, kila mtu akakiona.

Mikono ya wapigapicha wa kwanza ililipa gharama. Hawakujikinga, na wengi walijaribu mashine zao kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele ya mionzi kila siku. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mikono yote miwili kwa sababu ya saratani na akafariki mwaka 1904. Aproni ya risasi unayovalishwa leo katika chumba cha eksirei imetokana na watu kama yeye.

1944 hadi 1965: kano, vyuma na hadubini

Hadi katikati ya karne ya 20 mfupa ulikuwa umepata tiba, lakini kidole kilichokatwa kano kilihesabiwa kimepotea. Sterling Bunnell wa San Francisco alichapisha mwaka 1944 kitabu cha upasuaji wa mkono, na jeshi la Marekani likamkabidhi kusimamia vituo maalumu vya majeruhi wa mikono. Huko mifupa, kano, mishipa ya fahamu na ngozi vilitibiwa na mpasuaji mmoja, jambo ambalo halikuwa kawaida. Mwaka 1958 kundi la wapasuaji wa Uswisi, akiwemo Maurice Müller, liliungana kuboresha vyuma na skrubu za kushika mifupa kutoka ndani, lengo likiwa mgonjwa aanze kuchezesha viungo vyake mapema badala ya kukaa ndani ya hogo miezi.

Kisha yakaja yale ambayo hakuna tabibu wa gombo lolote angeyadhani. Mei 1962, mjini Boston, timu ya Ronald Malt iliurudisha mkono wa mvulana wa miaka 12 uliokatwa na treni karibu na bega. Januari 1963, Shanghai, Chen Zhongwei na wenzake waliuunganisha mkono wa mfanyakazi wa kiwandani uliokatwa juu ya kifundo. Mwaka 1965 huko Nara, Japani, Komatsu na Tamai walikirudisha kidole gumba kilichokatika kabisa, wakishona chini ya hadubini mishipa ya damu yenye kipenyo cha milimita moja hivi.

Kwetu

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa milango miwili. Mmoja ni wa hospitali. Mwaka 1957 wapasuaji watatu, Michael Wood, Tom Rees na Archibald McIndoe, yule aliyekuwa ametibu nyuso na mikono ya marubani walioungua vitani, walianzisha huduma ya madaktari wa kuruka kwa ndege ambayo tunaijua kwa jina la AMREF. KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996.

Mlango mwingine ulikuwepo tangu zamani: mganga wa mifupa wa kijijini, mwenye mabanzi ya mianzi, kamba na mikono yenye uzoefu. Anapatikana, anaaminika, na malipo yake yanazungumzika. Mivunjiko mingi ya kigasha ya watoto huungana mikononi mwake, kama ilivyoungana Nubia. Shida inakuja pale pale ilipokuja kwa Volkmann. Banzi hukazwa siku ya kwanza, uvimbe hupanda usiku, mtoto hulia, na wazazi huambiwa kilio ni dalili kwamba mfupa unarudi. Wakifika hospitali siku ya nne vidole vimekuwa vyeusi, na kinachobaki ni kukata. Kosa hilo hufanyika hospitalini pia, mtoto anapofungwa hogo zima la kuzunguka siku ile ile ya ajali na kuruhusiwa kwenda nyumbani bila maelezo. Ndiyo maana sioni faida ya kuwatukana waganga. Wafundishwe dalili, wapewe namba ya simu ya hospitali, na wanapompa mgonjwa rufaa wapokewe kwa heshima, ili wasiogope kumleta mapema.

Katika miaka ya 2000 bodaboda zilibadilisha majeraha yenyewe. Dereva akirushwa, bega hugonga lami huku kichwa kikielekea upande mwingine, na mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi huvutika hadi kukatika. Mkono hauna mvunjiko hata mmoja, picha ya eksirei ni safi, na bado unaning'inia bila uhai. Ni jeraha la Pausanias lililozidi ukali. Upasuaji wa kuunganisha mishipa hiyo upo, lakini matumaini hupungua kadiri miezi inavyopita, kwani misuli isiyopata amri ya mshipa hunyauka taratibu. Kijana wa namna hii apelekwe kwa mtaalamu mapema, asiambiwe akachuliwe mpaka nguvu zirudi.

Na wewe unayemuuguza mtu aliyefungwa mkono leo, awe amefungwa hogo la hospitali au banzi la mganga, mwangalie vidole kabla ya kulala. Akilalamika maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au maumivu makali vidole vyake vinaponyooshwa, au vidole vikiwa baridi, vimepauka, vimevimba sana au vimekufa ganzi, mrudishe usiku huo huo na useme wazi kwamba unataka kifungwacho kifunguliwe. Usisubiri kliniki ya Jumatatu. Hogo likipasuliwa hufungwa upya kesho yake, na mfupa hauna haraka.